Karani wa Mizani Ajifunza Kuruka

Kwa miaka ishirini na moja Chengo Mwambire alikuwa mtu wa kuandika. Alikuwa karani wa mizani katika kiwanda kimoja cha chumvi huko Marereni, na kazi yake ilikuwa kukaa ndani ya kibanda chenye dirisha, kungoja lori lipande juu ya mizani, kusoma uzito na kuuandika daftarini. Akishaandika anagonga muhuri. Lori linaondoka, linakuja jingine. Ukitaka kujua ukubwa wa kazi hiyo usiwaulize madereva. Muulize Chengo mwenyewe. Atakwambia kwamba chumvi yote iliyoliwa kutoka Lamu hadi Kampala ilipita kwanza kwenye ncha ya kalamu yake, na kwamba kama angekosea tarakimu moja tu, mataifa mawili yangekula mchuzi chapwa.

Alivaa shati jeupe lililofungwa vifungo mpaka kooni, na mfukoni alichomeka kalamu nne: ya buluu, nyeusi, nyekundu, na moja ya kijani ambayo hakuna aliyewahi kuiona ikiandika. Wanaume wenzake walikuwa nje kwenye mabwawa, miguu imepasuka kwa chumvi, wakisukuma mikokoteni katika mwanga unaochoma macho. Chengo aliwapungia kalamu kutoka kivulini. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amekaa mno kwenye kiti.

Kisha kiwanda kikaleta mizani mpya. Hiyo ilisoma uzito, ikauandika, ikatema risiti na kupeleka hesabu Nairobi kabla dereva hajazima injini. Chengo alipewa barua ya shukrani, kikombe chenye picha ya kiwanda, na siku thelathini za kuaga. Alikuwa na miaka arobaini na saba, macho ya kuvaa miwani, kipara, kitambi cha heshima, na ujuzi wa kuandika uzito wa malori kwa mkono. Alizunguka ofisi za Malindi na bahasha yake miezi minne mizima. Kila mlango aliulizwa kama anajua kompyuta, naye kila mlango alijibu kwamba ana mwandiko mzuri.

Aliyemwokoa ni Kiponda, kijana wa miaka thelathini hivi aliyekuwa na kikundi cha ngoma kwenye hoteli moja ya ufuoni. Kikundi chenyewe kilikuwa cha Wamaasai. Yaani kilikuwa cha Wamaasai kwa watalii. Kwa sisi wengine kilikuwa na Wagiriama watatu, Mpokomo mmoja ambaye ni Kiponda mwenyewe, na Mkamba mmoja, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kufuga mbuzi, sembuse ng'ombe. Wa sita alikuwa ameondoka mwezi uliopita kwenda Ulaya na bibi mmoja wa miaka sabini aliyempenda kwa namna alivyoshika mkuki. Kwa hivyo nafasi ya Mmaasai ilikuwa wazi.

"Lakini mimi ni karani," Chengo alisema.

"Na mimi nilikuwa fundi wa baiskeli," Kiponda alimjibu. "Mzee wangu, kazi mbaya si mchezo mwema. Vua shati nikuone."

Chengo akavua. Kiponda akamzunguka mara moja, akaguna, akasema kwamba kila kabila lina wazee, na kwamba kitambi kile kitapita kama kitambi cha uzee. Kwa kipara alimtafutia wigi la katani lililopakwa udongo mwekundu. Kisha akamfundisha sheria za kazi. Usicheke. Usiseme Kiswahili mbele ya wageni. Ukiulizwa jina, wewe ni Ole Simba. Na miwani toa, kwa sababu hakuna mtalii atakayelipa nauli ya ndege kuja kumtazama mpiganaji aliyevaa miwani.

Bila miwani Chengo haoni mbele ya hatua nne. Watazamaji wakawa kwake ukungu wenye rangi rangi, unaopiga makofi. Alishukuru hata kwa hilo, kwa maana mtu anayeona aibu huomba asiwaone wanaomwona.

Mmaasai wa kweli pale hotelini alikuwa mmoja tu, mlinzi wa lango, mtu wa Kajiado. Huyo alivaa suruali ya kaki na tai, na saa za mapumziko alijisomea ufundi wa umeme kwenye simu. Kikundi cha Kiponda kilipoanza kuruka, yeye aligeuza uso akaitazama barabara mpaka ngoma iishe.

Nyumbani, pembezoni mwa mji wa Malindi, Chengo alimwambia mkewe Gladys kwamba ameajiriwa hotelini kuwa Afisa wa Utamaduni. Neno hilo alilitunga njiani na likampendeza mwenyewe. Kila asubuhi akavaa shati jeupe, akachomeka kalamu nne, akatoka kama afisa. Akafika hotelini, akaingia chumba cha jenereta, akatoka humo kifua wazi na shuka nyekundu. Jioni akarudi chumba cha jenereta, akajifuta udongo kwa gazeti, akavaa uafisa wake akaenda zake.

Kitu kimoja tu alikiogopa kuliko kifo: Kahonzi asije akajua.

Kahonzi wa Dena alikuwa mama yake Gladys, mjane wa kijiji cha Ganda, mwanamke mwembamba mwenye shamba la mihogo na ulimi wa wembe. Na kwao mkwe na mama mkwe si watu wa kuzoeana. Katika miaka ishirini na miwili ya ndoa Chengo hakuwahi kukaa naye mkeka mmoja, wala kula mbele yake, wala kulitaja jina lake, hata kwa bahati mbaya. Wakikutana njiani, kila mmoja aliingia upande wake wa majani. Kahonzi naye hakumsemesha uso kwa uso hata siku moja. Akiwa na neno la kumwambia, alimwambia Gladys kwa sauti, mkwe akiwa anasikia; na Gladys asipokuwepo alimwambia kuku.

Na ni kuku aliyeambiwa siku ile Chengo alipofutwa kazi na kwenda Ganda kupeleka habari. Kahonzi alikuwa akipura mahindi. Alisikiliza, akamgeukia jogoo aliyekuwa karibu na mguu wake, akamuuliza: "Huyu karani wetu alikuwa akiandika chumvi. Sasa ataandika nini? Mchanga?"

Neno hilo lilimwingia Chengo likakaa. Lakini Gladys alipompelekea mama yake habari za Afisa wa Utamaduni, Kahonzi aligeuka siku hiyo hiyo. Kanisani alisimama kutoa ushuhuda, akashukuru kwamba mkwe wake ametolewa kwenye chumvi akawekwa kwenye utamaduni. Hakujua utamaduni unaliwaje, ila alijua afisa ni nini. Akawa halitaji tena jina la Gladys bila kuongeza "mke wa Afisa".

Sasa tuje kwenye wimbo, maana ndio uliomtia mtu huyu matatani.

Kikundi cha Kiponda kiliruka vizuri lakini kiliimba vibaya. Walinguruma tu, kama watu wanaosukuma gari lililokwama. Wiki ya pili wageni wakaanza kutazama simu zao. Kiponda akamsukuma Chengo mbele: "Mzee, imba chochote!" Na Chengo, ambaye ujanani mwake alifundishwa na mjomba wake kuimbisha matangani, akafungua mdomo, na wimbo pekee uliomjia ni ule wa kupasha msiba.

Kwao upande ule, mama mtu mzima akifariki, mwimbishaji husimama katikati ya uwanja akalitaja jina lake na la baba yake kwa sauti ndefu. Wanawake wakishalisikia jina huinuka pale pale, mikono kichwani, wakalia. Hawangoji kufikiri. Mwili hujiinukia wenyewe, kama jicho linavyojifumba likirushiwa mchanga.

Sasa wimbo ule hauendi bila jina. Jina la marehemu wa ukoo wake Chengo hakuthubutu kulitaja, kwa sababu koma, mizimu ya wazee, hawaitwi bure. Wakiitwa huja kudai chao. Jina la kubuni nalo halikupatikana, maana kila alilolifikiria lilikuwa la jirani fulani. Watalii wanamngoja, Kiponda anamkanyaga mguu. Likamtoka: Kahonzi. Kahonzi wa Dena ameondoka, ee, ni nani atakayetutwangia?

Mwenyewe alijiambia baadaye kwamba lilitokea tu, kwamba lilikaa vizuri kwenye sauti. Mwongo mkubwa. Lilitokea kwa sababu miaka ishirini na miwili lilikuwa limekatazwa mdomoni mwake, na kwa sababu ya jogoo. Alipoliimba alisikia utamu unampanda kutoka tumboni. Akaliimba tena. Pale mbele, katika ule ukungu, mwanamke mmoja wa Kitaliano akatoa leso akajifuta machozi.

"Huo ndio wimbo!" Kiponda alimwambia nyuma ya jikoni. "Unahusu nini?"

"Unahusu... simba," alisema Chengo.

Ukaandikwa kwenye ubao wa matangazo, kwa lugha tatu, kwamba ni wimbo wa kale wa kuwinda simba. Wahudumu waliokuwa Wagiriama walisoma ubao, wakausikia wimbo, wakatazamana. Mmoja wao alimfuata Chengo kwa heshima, akamuuliza nani kafariki.

"Mama mkwe wangu."

"Lo, pole sana, mzee wangu! Lini?"

"Jumanne, Alhamisi na Jumamosi."

Jikoni walicheka mpaka mtu akaunguza wali. Na ndivyo ilivyokuwa kwa miezi saba: mara tatu kwa wiki, saa kumi alasiri, kando ya bwawa la kuogelea, Kahonzi wa Dena alikufa akaliliwa na mkwe wake kwa sauti tamu, watu wakapiga picha. Huko Ganda mwenyewe alikuwa akipalilia mihogo, mzima kama kigingi. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, wamesema wazee, lakini Chengo alijiona kwamba uzazi umempita na wakunga hawako.

Mwezi wa Juni watalii hupungua. Hoteli ile, ili isilale njaa, ikafungulia lango vikundi vya wenyeji: chakula cha mchana, soda mbili kwa kila mtu, na ruhusa ya kulitazama bwawa bila kuliingia. Akina mama wa kanisa moja la Ganda walikuwa wakitafuta pa kwenda kwa matembezi yao ya mwaka. Wengi walitaka kwenda kuona magofu. Kahonzi alipinga kikao kizima. Magofu, alisema, hayana mtu wenu ndani yake. Twendeni hoteli ambayo mkwe wangu ndiye afisa wake. Mwenyekiti wao, Jedida, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto Sabaki, alikubali ili apumzike kumsikia.

Walifika Jumamosi, kumi na wanane, wamevaa leso za sare, za zambarau. Kahonzi alikwenda moja kwa moja hadi mezani pa mapokezi akaomba aitiwe Afisa wa Utamaduni, Bwana Chengo Mwambire. Msichana wa mapokezi hakuwahi kulisikia jina hilo. Yeye alimjua Ole Simba tu. Akasema kwa adabu kwamba huenda mheshimiwa yuko mkutanoni. Kahonzi akarudi kwa wenzake uso umemeremeta. "Yuko mkutanoni," aliwatangazia, na neno lilivyomkaa vizuri, akamwambia pia kijana aliyeleta soda, ambaye hakuwa ameuliza.

Saa kumi wapiganaji sita wakatoka nyuma ya jenereta. Chengo aliona ukungu wake wa kawaida, ila leo ulikuwa mkubwa zaidi na una rangi ya zambarau upande mmoja. Akafikiri ni Wajerumani. Akaruka mara tatu kama ilivyo desturi, magoti yakalia, akasogea mbele, akapanua kifua, akaimba.

Kahonzi, ee, Kahonzi wa Dena ameondoka.

Ile zambarau ikainuka yote kwa pamoja, ikalia.

Kilio kilipasuka kando ya bwawa kama mtungi ulioangushwa. Wazungu wachache waliokuwepo waliruka vitini, kisha wakadhani ni sehemu ya onyesho, wakaanza kupiga makofi na kurekodi. Chengo naye, mwenye kujipenda, alidhani Wajerumani wamempenda kuliko watu wote waliopata kumsikia. Akapandisha sauti. Ni nani atakayetutwangia, Kahonzi wa Dena? Na akina mama wa Ganda, vifuniko vya soda vikiviringika miguuni mwao, wakazidi kulia.

Kahonzi mwenyewe alikuwa katikati yao. Nimekwambia kwamba mwili haungoji kufikiri. Alikuwa ameinuka na wenzake, mikono kichwani, na alimlilia Kahonzi wa Dena mistari miwili mizima kwa uchungu wa kweli, mpaka Jedida alipogeuka amshike mkono amfariji, akamwona.

"Kahonzi! Wewe si ndiye unayeliliwa?"

Kilio kikakatika. Chengo aliijua sauti ile ya Jedida. Ilikuwa haijulikani na nani? Damu ikamshuka yote hadi kwenye kandambili za tairi. Alifinya macho, akasogea hatua moja, akasogea ya pili, na ule ukungu ukamwonyesha nyuso, na kati ya nyuso ukamwonyesha uso mmoja mwembamba, ulioloa machozi, unamtazama kitovu.

Fikiria mwenyewe. Mtu aliyefunga vifungo mpaka kooni miaka ishirini na miwili kwa ajili ya macho yale, sasa amesimama mbele yake tumbo wazi, wigi la katani limeinama sikioni, na mdomoni jina lake. Chengo aligeuka akimbie.

"Simama hapo," alisema Kahonzi.

Hakumwambia Gladys wala kuku. Alimwambia yeye, uso kwa uso, na ilikuwa mara ya kwanza. Chengo akasimama.

"Wimbo huu haukatwi katikati," alisema. "Ukikatwa unatafuta mtu wa kumalizia. Umeshaniua, baba. Sasa nizike."

"Mama," Chengo alinong'ona, "hapa kuna wageni."

"Na mimi ni maiti. Mkubwa nani?"

Hakuna mwanamke mmoja wa Ganda aliyecheka. Walishusha mikono kutoka kichwani, wakajipanga nusu duara kama wanavyopangwa uwanjani kwa mfiwa, wakangoja. Kiponda, aliyekuwa hajui lolote ila anaona simu za wageni zimeinuliwa, akawapa wenzake ishara waendelee kuruka. Wakaruka nyuma yake, juu chini, juu chini, huku Chengo akitafuta sauti.

Ubeti wa pili wa wimbo ule hutaja mema ya marehemu. Huruki hata jema moja unalolijua, ndiyo sheria. Miezi saba alikuwa akiupita ubeti huu kwa kunguruma tu, maana wageni wasingejua. Sasa ilimbidi auimbe, mbele ya marehemu, na sauti ikamtoka imepasuka.

Akaimba kwamba mwaka Gladys alipoharibikiwa na mimba kule Marereni, Kahonzi alikuja akamuuguza miezi miwili. Akaimba kwamba alilala jikoni karibu na mafiga, ili asivunje heshima ya mkwe, na kila alfajiri alitoka kabla mkwe hajaamka asije akamkuta, na kwamba yeye mkwe alikula chakula chake siku sitini bila kumwona, wala hakutuma hata neno la asante. Akaimba kwamba siku alipopewa ukarani, mama huyu alinunua kiti kimoja, akakiweka ukumbini kwake, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukikalia, hata mchungaji. Hayo yote Chengo aliyajua. Hakuwahi kuyapanga pamoja, ndiyo shida. Mtu akiwa na jogoo moyoni hahesabu kitu kingine. Alipofika kwenye kiti machozi yalikuwa yanachora mifereji katika udongo wa uso wake, na hayakuwa ya maonyesho.

"Ubeti wa mwisho," alisema Kahonzi.

Wa mwisho ni wa mfiwa mwenyewe. Hapo mwimbishaji hujitaja ni nani, mwana wa nani, ana uhusiano gani na aliyekufa, na anafanya kazi gani, ili watu wajue marehemu ameacha mtu wa aina gani nyuma yake. Waitikiaji hulichukua neno lake la mwisho wakaliimba mara nyingi, mpaka lishike.

"Mimi ni Chengo," aliimba. "Mimi ni Chengo wa Mwambire. Mkwe wa Kahonzi, nimemwoa binti yake. Na kazi yangu..."

Hapo akakwama. Karani hayuko tena, alikwisha. Afisa hakupata kuwepo. Kiponda akamnong'oneza kwa ukali kutoka nyuma, "Sema Ole Simba! Sema Ole Simba!" Mlinzi wa lango alikuwa ameacha lango lake na kusimama kwenye kona ya ukuta, kofia mkononi, na safari hii alikuwa akitazama. Akina mama kumi na wanane walimngojea neno lake wapate kuitikia. Chengo akaliimba lililokuwepo.

"Kazi yangu naruka. Wazungu wanatazama, mimi naruka."

Na akina mama wa kanisa la Ganda, kwa kuwa sheria ni sheria, wakaitikia kwa sauti nne zilizopangika vizuri kama Jumapili ya Pasaka: anaruka, ee, anaruka, mkwe wa Kahonzi anaruka. Walirudia mara saba. Kahonzi aliitikia pamoja nao, mstari kwa mstari, macho ameyaelekeza chini. Wageni wakasimama wote kushangilia. Mtaliano mmoja mzee akapiga kelele kwamba wimbo urudiwe.

Wimbo ulipokwisha, Kahonzi aliivua leso yake ya mabegani akamrushia Chengo kifuani bila kumtazama.

"Jifunike," alisema. "Jumapili ulete kuku mweupe, nitolewe mauti. Na uje na suruali."

Akaenda zake kwenye basi. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, soda zao za pili hazijanywewa, na basi lilipopita langoni lilikuwa likiimba tayari. Usidhani walikusudia kumtia aibu. Wimbo ulikuwa umewashika tu, na ungewashika mpaka Ganda, na kutoka Ganda ungefika popote. Meneja alimjia Chengo mbio akitaka namba ya simu ya kile kikundi cha akina mama, waje kila Jumamosi. Chengo alimpita bila kumjibu, leso imemfunika tumbo, akaingia chumba cha jenereta, akakaa juu ya dumu la mafuta.

Alifika nyumbani magharibi, ameshavaa shati na kalamu zake. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ile ya siku hiyo aliiona ndefu, kwa kuwa njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kumwambia Gladys. Alimkuta ameketi nje akichambua mchicha, simu ikiwa kando yake juu ya kinu. Hakuhitaji kumuuliza kama amepigiwa.

"Gladys," alianza, "kuna jambo nimekuficha."

"Kwamba unaruka?"

Chengo akazishika kalamu zake mfukoni.

"Miezi saba nafua foronya nyekundu," alisema Gladys, bila kuinua uso kutoka kwenye mchicha. "Afisa gani anarudi kazini na udongo masikioni? Nilijua wiki ya kwanza. Jirani anajua. Mwenye duka anajua. Ukishapita tu anakuita Ole. Watoto wa mtaa huu wote wanajua."

"Na hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Kila asubuhi unachomeka kalamu zako nne, unajitazama kwenye kioo, unaridhika. Nikajiambia, mwache. Kazi ni kazi, na mumeo hakuiba."

Chengo akajishusha taratibu kwenye kizingiti. Kwa muda kidogo aliona hata nafuu, kama mtu aliyebeba mzigo mbali kisha akaambiwa kwamba haukuwa na kitu. Basi hakuna aliyedanganyika. Basi hofu yote ile ilikuwa ya bure, na aibu nayo labda ni ya bure.

"Na mama?" aliuliza. "Mama naye alikuwa akijua?"

Gladys aliacha mchicha. Akamtazama mumewe kwa mara ya kwanza tangu afike, na hakuwa na hasira usoni. Ingekuwa heri angekuwa nayo.

"Mama sikumwambia," alisema. "Sikuweza. Alikuwa ni yeye peke yake aliyekuamini."